Saini 757: Siasa alizojifunza Obama kabla dunia haijamjua

UKIINGIA kilabu cha keg mtaani miaka ile na kuitisha "Obama moja", hakuna aliyekushangaa. Senator, bia ya bei ya chini, iliingia sokoni 2004, mwaka uleule ambapo Barack Obama, mwana wa msomi kutoka Kogelo, Siaya, alichaguliwa Seneta wa Marekani. Wakenya hatukukawia. Senator ikabatizwa Obama, na jina likashika.

Kile ambacho wengi wetu hatukujua ni kwamba kufikia siku hiyo, jamaa alikuwa tayari ameitwa seneta kwa karibu miaka minane. Si wa Washington. Alikuwa seneta wa jimbo, kule Springfield, mji mkuu wa Illinois, kama kilomita 320 kutoka Chicago. Huko hakukuwa na umati wa kumpigia vigelegele wala kamera za CNN. Kulikuwa na miswada inayofia kwenye kamati, safari ndefu za barabarani na michezo ya karata usiku na wabunge wenzake.

Kama wewe ni wa miaka ya 2000, pengine Obama unayemkumbuka ni yule aliyefanya shule zifungwe Novemba 6, 2008, Rais Mwai Kibaki alipotangaza sikukuu ya kitaifa kwa sababu ya ushindi wake. Hiyo ni stori tamu. Lakini kwa kijana anayeota kuwania kiti 2027, au anayetaka tu kuelewa kwa nini mtu fulani hushinda na mwingine hutoka mikono mitupu, stori ya Springfield ina faida zaidi. Na si tamu yote.

Kiti kilichokuwa na mwenyewe

Kwanza tuelewane. Marekani kila jimbo lina bunge lake. La Illinois lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Ukitaka kulinganisha na kwetu, mweke seneta wa jimbo mahali fulani kati ya MCA na mbunge. Yuko karibu na mtaa kama MCA, lakini sheria anazopitisha zinaweza kumpeleka mtu jela maisha.

Obama alifika Chicago 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa South Side, upande wa mji wenye Wamarekani Weusi wengi, wadai haki zao. Akaenda Harvard kusomea sheria, akarudi. Mwaka wa 1992 aliongoza kampeni ya Project Vote iliyosajili wapigakura wapya wapatao 150,000. Mwaka huohuo akamwoa Michelle Robinson, binti wa South Side. Akawa wakili, na pia akawa anafunza sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago. CV ilikuwa safi. Kiti ndicho hakikuwepo.

Nafasi ilitokea kwa aibu ya mtu mwingine. Agosti 1995, mbunge Mel Reynolds alipatikana na hatia ya kushiriki ngono na msichana wa umri mdogo aliyekuwa amejitolea kwenye kampeni yake. Akajiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo wa eneo la 13, mama aliyeheshimika sana pale South Side, alikuwa tayari anawania kiti hicho cha Washington. Hiyo ilimaanisha kiti chake cha Springfield kingebaki wazi, naye akambariki Obama kama mrithi. Septemba 1995, kijana wa miaka 34 akatangaza azma yake hotelini Hyde Park, Palmer akiwa upande wake.

Mambo yakaharibika Novemba. Palmer alishindwa katika mchujo na Jesse Jackson Jr, mwana wa yule mchungaji mwanaharakati, akamaliza wa tatu. Sasa yeye na marafiki zake wakataka kiti chake cha zamani kirudi. Obama akaombwa ajiondoe, awaachie wakubwa, angoje zamu yake.

Akakataa. Alikuwa ashatangaza, ashachangisha pesa, asharai watu.

Hebu fikiria hiyo hali kwetu. Mama aliyekushika mkono anakuambia, "Mwanangu, mambo yamebadilika, nirudishie." Wazee wa mtaa wanapiga simu. Ukikataa, wa mrengo mmoja watakuita msaliti na wa mrengo mwingine watakuita mtu wa msimamo.

Mstari kwa mstari

Ili jina la mwaniaji liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo wa chama cha Democratic, alihitaji saini 757 za wapigakura waliosajiliwa katika eneo hilo. Palmer, akiwa amechelewa, aliwatuma watu wake mbiombio wakakusanya saini 1,580. Maradufu ya zilizohitajika. Nani angemgusa?

Januari 1996, kikosi cha watu waliojitolea upande wa Obama kiliingia katika ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kazi ambayo hakuna mtu angeipigia picha. Walichukua fomu za wapinzani na kuzilinganisha na sajili ya wapigakura, jina baada ya jina.

Huyu ameandika jina lake kwa herufi kubwa badala ya kutia saini: pinga. Huyu anaishi mtaa wa pili, nje ya eneo: pinga. Huyu jina lake halipo tena kwenye sajili: pinga. Huyu aliyezunguka na fomu mwenyewe hakusajiliwa inavyotakiwa: pinga ukurasa wake.

Walipomaliza, theluthi mbili ya saini za Palmer zilikuwa hazifai. Alipungukiwa na takriban saini 200. Akajiondoa. Na haikuishia kwake. Kulikuwa na wawaniaji wengine watatu, nao wakapitishwa kwenye chujio lilelile. Mmoja alikuwa amewasilisha saini 1,899, na bado akapatikana amepungukiwa na 69. Wote wakaondolewa.

Kwa hivyo mpigakura wa eneo la 13 alipoingia kituoni Machi 1996, alikuta jina moja tu kwenye mchujo. Na kwa kuwa eneo hilo lilikuwa ngome ya Democratic, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha tu. Obama alipata zaidi ya asilimia 80.

Je, alivunja sheria? Hapana. Chicago ni mji wa siasa ngumu na kupinga saini ni mchezo wa kawaida huko. Lakini hapo ndipo utamu unaingia shubiri. Mtu aliyejijengea jina kwa kuwasajili watu wapige kura alianza siasa zake kwa kuhakikisha watu hao hawana wa kuchagua ila yeye. Miaka 11 baadaye, gazeti la Chicago Tribune lilimuuliza kama wapigakura wa eneo hilo walitendewa haki. Jibu lake lilikuwa fupi: aliona kwamba walipata seneta mzuri sana.

Labda. Ila hilo ni jibu la mshindi.

Kumvaa kigogo kabla ya wakati

Springfield haikumkaribisha kwa zulia jekundu. Seneti ilikuwa mikononi mwa Republican, na mswada wa mtu wa upinzani ungeweza kufa bila hata kujadiliwa. Baadhi ya wenzake Weusi walimwona msomi wa Harvard anayejisikia. Akajifunza kukaa na watu. Akacheza karata na wabunge wazungu kutoka mashinani, akacheza gofu. Mwaka wa 1998 alisaidia kupitisha, kwa ushirikiano wa vyama vyote viwili, sheria ya kudhibiti zawadi ambazo wanasiasa hupokea kutoka kwa wenye maslahi. Mwaka huohuo akachaguliwa tena.

Kisha tamaa ikamshika. Mwaka wa 2000 aliamua kumng'oa mbunge Bobby Rush.

Rush hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliwahi kuwa kiongozi wa Black Panther pale Illinois, vuguvugu lililopigania haki za watu Weusi miaka ya 1960. South Side walimjua tangu ujanani. Oktoba 1999 mwanawe alipigwa risasi akafariki, na mji mzima ukamwomboleza pamoja naye. Tangu hapo, kumshambulia Rush kulikuwa kama kumtukana mfiwa kwenye matanga.

Mwezi Desemba Obama alikuwa Hawaii na familia, kwa bibi yake. Springfield ikaitisha kura muhimu kuhusu mswada wa kudhibiti bunduki. Malia, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, akaugua. Baba akabaki na mtoto. Mswada ukaanguka kwa kura chache, na magazeti ya Chicago yakamchambua seneta aliye ufuoni wakati mitaa yake inazikana. Kwa mzazi yeyote ule ulikuwa uamuzi wa kueleweka. Kwa mwanasiasa, ulikuwa msumari. Juu ya hayo, Rais Bill Clinton akamuunga mkono Rush redioni.

Machi 21, 2000: Rush asilimia 61, Obama 30. Kipigo cha zaidi ya mbili kwa moja. Hadi leo Bobby Rush ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Obama debeni.

Agosti mwaka huo, rafiki zake wakamshawishi aende Los Angeles kwenye kongamano kuu la chama. Alipofika kukodi gari, kadi yake ikakataa. Kongamanoni akakosa kibali cha kuingia ukumbini, akatazama hotuba kwenye skrini, akarudi nyumbani mapema. Alikuwa na miaka 39, na madeni, na mke aliyechoka na siasa.

Kofia ya Lincoln

Hapa wengi wangeachana na hii maneno. Yeye alirudi Springfield kwa kuwa kiti chake cha seneta wa jimbo kilikuwa bado kipo. Muhula wake ulikuwa unaenda hadi 2002. Na mwaka uliofuata kikatokea kitu ambacho kilibadilisha maisha yake, na hakikuhusu hotuba hata moja.

Kila baada ya miaka kumi, sensa ikikamilika, Illinois huchora upya mipaka ya maeneo ya uwakilishi. Vyama vikishindwa kukubaliana, katiba ya jimbo hilo ina dawa ya ajabu: yanawekwa majina mawili, moja la kila chama, na moja linachotwa. Anayechotwa anavunja mkwamo, na chama chake kinachora ramani. Mwaka wa 2001 majina yaliwekwa ndani ya kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln. Likatoka la Democratic.

Naam, ramani ya siasa ya jimbo lenye watu milioni 12 iliamuliwa na mkono ndani ya kofia.

Obama aliketi na mtaalamu wa chama mbele ya kompyuta wakachora eneo lake jipya. Badala ya kuingia zaidi ndani ya mitaa maskini, likanyooka kuelekea kaskazini kando ya ziwa Michigan hadi katikati ya mji, mitaa ya matajiri na wafadhili wa kampeni. Alibakiza msingi wa wapigakura Weusi, akaongeza watu wenye doo na majina makubwa. Aliyeshindwa na Rush kwa kukosa mizizi sasa alikuwa na eneo linaloweza kubeba ndoto ya jimbo zima.

Novemba 2002 alichaguliwa bila mpinzani, na kwa ramani hiyo mpya chama chake kikatwaa Seneti. Emil Jones, aliyepanda ngazi za siasa za South Side kutoka chini, akawa kiongozi wake. Inasimuliwa kwamba Obama alimwendea akamwambia sasa ana nguvu za kumfanya mtu Seneta wa Marekani. Jones akauliza, kama nani? Obama akajibu: mimi.

Mwaka wa mavuno

Jones akampa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, akampa pia miswada mikubwa aisimamie. Baadhi ya wenzake walionung'unika kwamba jasho lao limepewa mwingine hawakuwa wanasema uongo. Ila kuna kazi aliyoifanya mwenyewe, na kwetu Kenya inagusa.

Illinois ilikuwa imejifunika aibu. Tangu 1977 ilikuwa imetekeleza hukumu ya kifo kwa watu 12, huku wengine 13 waliohukumiwa kifo wakigunduliwa baadaye kwamba hawakustahili kuwa hapo. Wengine walikuwa wamekiri makosa kwa sababu ya mateso ya polisi. Obama akasimamia mswada wa kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana hakuutaka. Hakuwatusi kwenye vyombo vya habari. Aliketi nao kwa miezi, akasikiza hofu zao, akarekebisha hapa na pale bila kuachilia kiini. Mswada ukapita, gavana akautia saini 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Sheria nyingine ya mwaka huo iliagiza polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ubaguzi uonekane kwa takwimu.

Tangu kifo cha Albert Ojwang akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, Juni 2025, hakuna kijana Mkenya anayehitaji kuelezwa kwa nini kamera ndani ya kituo cha polisi ni suala la uhai. Sheria kama hiyo haiji kwa hashtag pekee. Lazima kuwe na mtu ndani ya chumba, anayejua kanuni za bunge, anayeweza kukaa na afisa anayempinga na bado atoke na kitu mkononi.

Je, alikuwa shujaa kila siku? La. Katika kura zipatazo 4,000 alizopiga Springfield, karibu 130 hakusema ndiyo wala hapana, alisema tu "nipo". Watetezi wake walisema huo ni mkakati wa kawaida wa bunge hilo. Wapinzani walisema anakwepa.

Mwaka wa 2004 akawania Seneti ya Marekani. Tajiri mmoja, Blair Hull, alimwaga kama dola milioni 29 kwenye mchujo, kisha rekodi za talaka yake zikamwaga mambo yake. Obama akashinda kwa karibu asilimia 53. Mpinzani wa Republican, Jack Ryan, naye akajiondoa Juni kwa sababu ya rekodi za talaka. Julai 27 Obama akahutubia kongamano la chama Boston, miaka minne baada ya kukosa kibali cha ukumbini, na Marekani ikaamka. Novemba akambwaga Alan Keyes, aliyeletwa kutoka Maryland, kwa asilimia 70 kwa 27. Bahati? Ndiyo, tena ya kutosha. Lakini bahati ilimkuta na sheria za kuonyesha na Emil Jones mgongoni.

Na sisi je?

Agosti 2006 alipokuja Nairobi kama Seneta, alituhubiria Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu ufisadi na ukabila. Tulipiga makofi. Pengine angetusaidia zaidi kama angetueleza habari za zile saini.

Maana hata kwetu uchaguzi huanza kabla ya siku ya kupiga kura. Katiba yetu inasema mtu anayetaka kuwania kiti cha MCA bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi yake. Mbunge ni 1,000. Na lazima awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wafuasi elfu 50 wa TikTok hawahesabiwi hata mmoja kama hawamo kwenye sajili ya wadi hiyo.

Mipaka nayo? Katiba inataka maeneobunge yapitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 bila kazi kufanyika. Siku itakapofanyika, kutakuwa na ramani mezani na watu wachache chumbani. Wengi wetu tutasikia habari zikiwa zishaisha.

Na sajili? Mwaka wa 2022, katika wapigakura milioni 22.1, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na 2017. Miaka miwili baadaye vijana haohao walijaza barabara Juni 2024. Sauti ilikuwepo. Majina kwenye daftari ndiyo yalikosekana.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama unawania, tafuta mtu anayependa makaratasi kabla ya kutafuta mtu wa kukuchorea bango. Kama huwanii, hakikisha tu jina lako limo, kwenye wadi unayoishi, limeandikwa sawasawa. Alice Palmer alipendwa South Side kwa miaka mingi kabla Obama hajatajwa. Watu alikuwa nao. Majina ndiyo yalimwangusha.